Gari Likizuiliwa Yadi, Vyombo Vilivyomo Ndani ni vya Nani?



Barabara ya Namanga ndiyo uti wa mgongo wa Kajiado. Inatoka upande wa Athi River, inapita Kitengela na Isinya, inaingia mjini Kajiado, kisha Bissil hadi mpakani. Kila siku inabeba mbuzi wa soko, wafanyakazi wa matatu, mawe ya ujenzi na pikapu za mafundi. Barabara yenye shughuli namna hii haikosi ajali, wala haikosi magari ya kuharibika njiani. Ndipo linapokuja lile gari la kuvuta magari, ambalo watu wetu huliita brekidauni, na gari bovu linapelekwa yadi.

Hapo shida nyingine huanza. Mwenye gari akifika langoni anaambiwa, "Lipa kwanza, ndio uguse kitu." Hana pesa hizo. Anarudi nyumbani mikono mitupu, na ndani ya gari ameacha sanduku la vyombo vya kazi, dawa za mgonjwa, kitambulisho, au vyeti vya shule vya mtoto. Kesho yake hana cha kufanyia kazi. Na asipofanya kazi, hizo pesa za kulikomboa gari atazitoa wapi?

Katika somo hili tunataka kujifunza mambo matatu. Kwanza, ni nani mwenye haki ya kuzuilia gari lako, na kwa deni gani. Pili, haki hiyo inafika wapi, hasa juu ya vitu vilivyomo ndani. Tatu, ni hatua gani za kuchukua bila vita na bila kuvunja kufuli la mtu.

HAKI YA KUZUILIA NI NINI?

Tuanze na jambo ambalo kila mtu analijua. Unampelekea fundi wa viatu kiatu chako akishone. Akimaliza, anakaa nacho mpaka umlipe. Hakukunyang'anya. Ana haki ya kukizuilia kwa sababu ameweka jasho lake juu yake. Lakini je, anaweza kuzuilia na mwavuli wako uliousahau kwenye benchi lake? Hapana. Mwavuli haukushonwa, wala haudaiwi chochote.

Hiyo ndiyo haki ya kuzuilia kwa lugha rahisi. Wanasheria huihesabu kuwa haki iliyo juu ya kitu kilekile kilichofanyiwa kazi, kwa deni la kazi ileile. Haipandi juu ya mali nyingine ya mdaiwa. Tena si sawa na rehani. Rehani unaitoa mwenyewe kwa mapatano, lakini haki ya kuzuilia hutokana na kazi iliyofanywa na malipo ambayo hayajatolewa.

Kanuni hii imetufikiaje hapa Kenya? Sura ya 8 ya Sheria za Kenya, kifungu cha 3, inaziambia mahakama zetu zifuate Katiba na sheria zilizoandikwa, na pale sheria hizo zisipotosha, zifuate kanuni za kawaida za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, kwa kadiri zinavyofaa hali ya watu wa hapa. Kwa hiyo fundi wa gereji ya jua kali pale Kitengela anatumia kanuni ya zamani sana, hata kama hajawahi kusikia jina lake.

NANI ANAWEZA KUZUILIA GARI?

Tusiwachanganye watu wote wanaoshika magari. Kila mmoja ana msingi wake.

Fundi wa gereji. Huyu akilitengeneza gari kwa idhini yako, anaweza kulizuilia mpaka umlipe kazi mliyopatana. Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012 ina sehemu nzima juu ya matengenezo ya magari, na inamtaka fundi atoe makadirio ya gharama kabla ya kuanza kazi. Kwa hiyo dai makadirio mapema, tena kwa maandishi.

Mwenye gari la kuvuta. Kama wewe au mtu wako alimwita na mkapatana bei, ana deni halali la kudai. Kama hukumwita, naye akalivuta gari kwa kujitolea, kisha akakutajia bei anayotaka, msingi wake ni dhaifu zaidi. Kanuni za zamani hazikumpa mtu haki ya kuzuilia kwa sababu tu alikuta mali ya mwenzake nchi kavu akaihamisha bila kuombwa.

Polisi. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inawapa polisi mamlaka ya kuondoa gari linaloziba njia au lililo hatari kwa wengine. Gari lililopata ajali pia linaweza kushikiliwa ili likaguliwe. Lakini polisi hawashikilii gari kwa sababu ya deni. Wanalishikilia kwa ajili ya uchunguzi au ushahidi, na kazi hiyo ikiisha, sababu ya kulishikilia nayo imekwisha. Ukitajiwa ada yoyote kituoni, omba risiti ya serikali na uulize ada hiyo iko katika sheria gani. Uliza kwa adabu, lakini uliza.

Kaunti. Wahudumu wa kaunti wanaweza kufunga gurudumu au kuvuta gari lililoegeshwa vibaya mjini. Ada zao haziwezi kutoka kichwani mwa mtu. Huwekwa katika Sheria ya Fedha ya kaunti, ambayo hupitishwa na Bunge la Kaunti. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 210, inasema hakuna kodi wala ada ya leseni inayoweza kutozwa isipokuwa kwa sheria. Una haki ya kuonyeshwa ukurasa wenye ada unayotozwa.

VITU VILIVYOMO NDANI

Sasa tufike kwenye kiini cha somo. Tuseme fundi wa mabomba anaishi Kitengela. Pikapu yake imegongwa karibu na Isinya na kuvutwa hadi yadi. Anadaiwa shilingi 15,000 za kuvuta. Ndani kuna spana, mashine ya kutoboa, na buti zake za kazi. Ni nini kinachoweza kuzuiliwa?

Gari lenyewe, ndiyo, kama deni ni halali. Pamoja nalo ni vile vilivyofungwa juu yake au vinavyoenda nalo: betri, magurudumu, redio iliyofungwa, gurudumu la akiba, jeki. Lakini spana za kazi, simu, nguo, dawa, hati na pesa si sehemu ya gari. Kuna kipimo rahisi unachoweza kutumia: kama ungeuza gari hili leo, kitu hiki kingeenda na mnunuzi au ungekibeba nyumbani? Ambacho ungekibeba nyumbani ni chako, nacho hakidaiwi.

Nchi nyingine zimeliandika jambo hili wazi. Katika jimbo la California, Marekani, sheria ya magari inasema kwamba haki ya kuzuilia gari lililovutwa haishiki mali binafsi iliyomo ndani, na kwamba mali hiyo ni lazima apewe mwenyewe anapoidai. Kwetu tunategemea ile kanuni ya jumla ya kitu na deni lake, pamoja na Katiba yetu, ambayo katika kifungu cha 40 inalinda haki ya kila mtu kuwa na mali. Ndiyo maana ni muhimu mwananchi ajue kuitetea haki yake kwa maneno na kwa maandishi, maana pale langoni hakuna bango litakalomtetea.

Upande wa pili pia una hoja, na tuisikilize. Tuseme lori la mbuzi kutoka Bissil limepinduka. Mwenye brekidauni ameleta vijana, wamekusanya mbuzi usiku, wakawapakia na kuwapa maji. Kazi hiyo ilifanyika juu ya mbuzi, si juu ya lori. Kama aliombwa kuifanya, ni haki alipwe malipo ya kadiri kwa kazi hiyo. Lakini hawezi kuzuilia mbuzi kwa deni la kuvuta lori. Mara nyingi mbuzi hao ni wa wafanyabiashara watano au sita, na lori ni la mtu mwingine kabisa. Mbuzi wa mama mjane hawezi kuwa dhamana ya injini ya tajiri. Tena mnyama si chuma. Akikaa siku mbili bila malisho, kinachobaki cha kuzuiliwa ni mzoga.

Wazee wa zamani waliliona jambo hili pia. Katika Biblia, Kumbukumbu la Torati sura ya 24, anayemdai mwenzake anakatazwa kuchukua jiwe la kusagia liwe rehani. Sababu yake inaeleweka hata leo: ukimnyang'anya mtu chombo cha kumpatia unga, umemnyima chakula, na deni lako pia umelizika. Sanduku la spana ndilo jiwe la kusagia la fundi.

NA VITU VIKIPOTEA JE?

Anayepokea gari lako ndani ya yadi yake amepokea amana. Anapaswa kulitunza kama mtu mwangalifu anavyotunza. Gari likipungukiwa na kitu likiwa mikononi mwake, ni juu yake kueleza kwamba hasara haikutokana na uzembe wake wala wa watu wake. Lile bango la "Egesha kwa hatari yako" lisikutishe moja kwa moja. Kama gari lilifikishwa hapo wewe ukiwa hospitali, hukukubaliana na bango lolote.

Lakini utathibitishaje kwamba kitu kilikuwemo? Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Asiye na orodha hana kesi.

ADA YA KULAZA GARI

Deni la kuvuta hulipwa mara moja, lakini ada ya kulaza gari huzaa kila usiku. Tuseme ni shilingi 500 kwa siku. Katika siku 30 ni shilingi 15,000, sawa na deni lote la kuvuta katika mfano wetu. Katika miezi sita inakaribia shilingi 90,000. Kuna magari mazee ambayo hayafiki bei hiyo. Ndivyo mtu anavyopoteza gari kwa kuogopa kwenda kuuliza.

Je, ada hiyo ni halali? Kama mlipatana, ndiyo. Kama hamkupatana, kuna jambo la kujua. Mwaka 1860 mahakama ya juu ya Uingereza iliamua kesi ya meli iliyozuiliwa na watengenezaji wake kwa sababu ya deni. Watengenezaji walitaka walipwe pia nafasi ambayo meli ilichukua wakati wakiizuilia. Wakakataliwa. Anayeshika mali kwa faida yake mwenyewe, ili alazimishe deni, hawezi kumtoza mwenye mali gharama za kuishika, isipokuwa kuna mapatano. Uamuzi huo ni wa kabla ya 1897, kwa hiyo ni sehemu ya zile kanuni tulizozirithi.

Hata hivyo usikae nyumbani ukitegemea kesi ya meli. Nenda mapema.

JE, WANAWEZA KULIUZA GARI?

Haki ya kuzuilia ni ya kushika tu. Haimpi mtu ruhusa ya kuuza. Anayetaka kuuza ni lazima apate nguvu hiyo mahali pengine, na hapa Kenya watu wengi hutumia Sura ya 38, sheria inayohusu kuuza mali iliyopokewa kwa matengenezo au kwa kuwekwa halafu haikuchukuliwa. Sheria hiyo ina masharti yake, na moja ni kumpa mwenye mali taarifa.

Ukisoma Gazeti Rasmi la Serikali utaona matangazo hayo mara kwa mara: gari namba fulani liko katika yadi fulani, mwenyewe alichukue ndani ya siku 30 baada ya kulipa gharama, asipofanya hivyo litauzwa. Siku hizo 30 ndizo nafasi yako. Mtu ambaye gari lake limekaa yadi kwa muda mrefu awe anauliza habari za matangazo haya. Na gari likiuzwa kwa bei inayozidi deni, ziada ni ya mwenye gari. Idai.

Na vitu vya ndani? Taarifa ya kuuza gari si taarifa ya kuuza cherehani iliyokuwa kiti cha nyuma. Anayeuza kitu ambacho hakina deni kwake amejitafutia kesi ya kulipa thamani yake, na akikichukua kwa hila akijua si chake, jambo hilo linaweza kuwa wizi.

HATUA ZA KUCHUKUA

1. Pale barabarani, kama una nguvu na ni salama, toa vitu vya thamani kabla gari halijavutwa. Usivyoweza kubeba, vipige picha kwa simu, ndani na nje ya gari.

2. Patana bei kabla ya kamba kufungwa. Uliza: bei ni ngapi, gari linapelekwa wapi, na kulaza ni ngapi kwa siku? Andika namba ya gari la kuvuta. Ujumbe mfupi wa simu ni ushahidi.

3. Ajali iripotiwe kituo cha polisi. Sheria ya Trafiki inataka ripoti ndani ya saa 24. Pata namba ya OB. Mwambie ofisa aandike na vitu vilivyomo ndani.

4. Iarifu kampuni ya bima mara moja. Bima kubwa nyingi huwa na kiasi cha kuvuta gari. Ile bima ndogo ya mtu wa tatu haitakusaidia hapo.

5. Nenda yadi mchana, ukiwa na kitambulisho, hati ya umiliki wa gari na shahidi mmoja mwenye heshima. Mgonjwa amtume ndugu kwa barua iliyotiwa sahihi.

6. Tenganisha mambo mawili. Usiseme "Nipeni gari langu." Sema, "Deni la gari tutazungumza. Leo nimekuja kuchukua vyombo vyangu, hii hapa orodha." Maneno haya hufungua milango mingi, kwa sababu mwenye yadi anaona hukimbii deni.

7. Wakikataa, toa barua ya madai, nakala mbili. Mfano tumeuweka hapa chini.

8. Kama huna budi kulipa ada unayoona si haki ili upate riziki yako, lipa huku ukipinga. Andika juu ya risiti, "Nimelipa lakini napinga kiasi hiki." Lipa kwa njia inayoacha alama, kama M-Pesa. Kisha dai marejesho.

9. Usiruke ua usiku wala kukusanya vijana. Mwenye haki akivunja kufuli anageuka mshtakiwa.

MFANO WA BARUA

"Kwa mwenye yadi. Mimi ni mwenye gari namba ........ lililoletwa kwenu tarehe ......... Ndani yake mna mali yangu ifuatayo, ambayo si sehemu ya gari: ......... Naomba nikabidhiwe mali hii kufikia tarehe ......... Barua hii haikatai deni lolote halali la kuvuta gari. Tafadhali nipeni pia hesabu ya deni hilo kwa maandishi. Msiponikabidhi, nitadai mali yangu au thamani yake mahakamani."

Tia sahihi, shahidi atie yake, na nakala moja ipigwe muhuri au isainiwe na aliyeipokea. Akikataa kuipokea, ipige picha na uitume kwa simu yake.

MAHAKAMA NDOGO YA MADAI

Wengi wetu tukisikia mahakama tunaona wakili na gharama. Kuna njia nyepesi zaidi. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya mwaka 2016 iliunda mahakama inayosikiliza madai ya hadi shilingi 1,000,000. Inashughulikia mikataba ya huduma, hasara juu ya mali, na madai ya kurudishiwa mali inayohamishika, ambayo ndiyo hasa mada yetu. Unaweza kujisemea mwenyewe bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Fika kwa karani wa mahakama mjini Kajiado, aeleze pa kuanzia.

Kuna muda wa kuangalia pia. Madai ya hasara dhidi ya mtu binafsi yana miaka 3, na ya mkataba yana miaka 6. Dhidi ya Serikali, madai ya hasara yana miezi 12 tu. Kama malalamiko ni juu ya mwenendo wa polisi, kuna IPOA, mamlaka huru iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011.

NENO KWA WENYE YADI

Nanyi ni majirani zetu. Mnaamka usiku wa manane kwenye mvua, mnasafisha damu na vioo, na kuna wenye magari wanaowatoroka. Mna haki ya kulipwa. Tunawaomba jambo moja: gari likiingia, andikeni orodha ya vilivyomo mbele ya mtu wa pili, mvifunge mahali pamoja, na mwenyewe akija na kitambulisho avitie sahihi na kuvichukua. Mnabaki na gari, dhamana yenu haijapungua hata kidogo. Na fundi aliyepata spana zake leo ndiye atakayewaletea pesa zenu mwisho wa mwezi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika mtaa wenu, ni nani amewahi kuacha vyombo vya kazi ndani ya gari lililozuiliwa? Aliishi vipi siku hizo?

2. Pangeni vitu hivi katika mafungu mawili, vya gari na vya mtu: betri, mtungi wa maziwa, gurudumu la akiba, kiti cha mtoto, mashine ya kulehemu, turubai la lori.

3. Mwenye lori anadaiwa, lakini mzigo ni wa wengine. Wenye mzigo waende yadi na ushahidi gani?

4. Wawili waigize, mmoja mwenye yadi na mwingine mwenye gari. Jaribuni kusema maneno ya hatua ya 6 bila hasira. Kisha badilishaneni nafasi.

5. Kikundi chenu kinaweza kuchagua nani wa kumsindikiza jirani yadi siku atakayoitwa?

Kabla hamjaachana, kila mwenye gari, pikipiki au mkokoteni aandike orodha ya vyombo anavyobeba kila siku, na nakala aiache nyumbani.